Kabla ya kurudisha jeshi la lazima, hesabuni mabuti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika majuzi kwamba dawa ya vijana wa siku hizi ni moja tu, kurudisha jeshi la lazima. Aliandika kwa uchungu wa mzazi na sina nia ya kumkejeli, ila sehemu moja ilinichekesha: pale aliposema kijana akikaa kambini mwaka mmoja atanyooka. Mimi nimekaa kambini miaka 22 na mgongo wangu umepinda.

Sikuwa mpiganaji. Nilikuwa mtunza stoo, na cheo changu cha mwisho ni sajini. Kuruta akishuka kwenye lori, kabla hajanyolewa, kabla hajajua saluti inapigwa kwa mkono upi, alipita kwanza kwenye kaunta yangu. Nilimpa kombati mbili, mkanda, blanketi, sahani, kikombe na jozi moja ya mabuti, naye akatia sahihi. Kazi hiyo niliianza sheria ya jeshi la lazima ikiwa bado na meno, nikaifanya mpaka iliposimamishwa. Kwa hiyo ninayoyajua nimeyajua kutokea nyuma ya kaunta, na mengi nimeyajua kwa kutazama miguu.

Nilikuwa na ubao nilioutengeneza mwenyewe. Upande mmoja nimepigilia kipande cha mti cha kuzuia kisigino, upande wa pili mistari ya penseli, kila mstari na namba yake. Ningeweza kuwauliza tu, lakini kuruta ukimuuliza namba ya kiatu siku ya kwanza anakujibu chochote. Anaogopa. Mwenye mguu mkubwa anataja namba ndogo kwa aibu, mwenye mguu mdogo anataja kubwa asichekwe. Kwa hiyo: vua, panda hapa, kisigino nyuma, usikunje vidole. Taabu ni kwamba baada ya kumpima mtu kwa uangalifu wote huo, nilikuwa nageuka kwenye rafu na kukuta mabuti yaliyoagizwa nusu mwaka kabla na mtu wa makao makuu ambaye hajaona mguu wa hata mmoja wao. Namba 7 tele. Namba 8 tele. Namba 11 hakuna.

Mkupuo mmoja alikuja kijana mrefu, mpole, mguu wake ukapita mstari wa 11 vidole vikaning'inia nje ya ubao. Kubwa niliyobaki nayo ilikuwa 9. Nikampa 9. Ningeweza kuyapasua mbele kwa kisu vidole vipate nafasi, lakini ukiharibu mali ya jeshi unakatwa wewe, na nakiri hapa kwamba niliufikiria mshahara wangu kwanza. Siku ya tatu akarudi kaunta peku, mabuti kayashika mkononi, kucha za vidole gumba vyote viwili nyeusi tii. Huko kwenye kwata mkufunzi alikuwa ameshamwita mvivu na kumkimbiza uwanja mzima bunduki juu ya kichwa, kisa anachechemea. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Afande, naomba nirudishe." Au alisema "nirudishwe". Mpaka leo sijui. Nilichukulia kwamba anazungumzia mabuti, nikamwambia namba nyingine hakuna, rudi kwenye mstari.

Msomaji wako ataona namsumbua kwa habari za viatu. Basi na asome habari za Argentina. Nchi ile ilikuwa na sheria ya kuwaita vijana wake jeshini tangu mwaka 1901, kwa hiyo ilikuwa na uzoefu wa kuita. Mwaka 1982 ilipoingia vitani na Uingereza kugombea visiwa vya Falkland, ambavyo wenyewe huviita Malvinas, askari wake wengi kule walikuwa vijana wa lazima, na baadhi yao walitolewa mikoa ya joto ya kaskazini kama Corrientes, wakashushwa kwenye mahandaki yenye maji, baridi ikikata. Miguu ikawaharibikia ndani ya viatu. Miaka 80 ya kujua kuita, na kuvisha bado.

Sasa tuhesabu. Watu husema "vijana wote wa umri huo waende". Wote? Kila mmoja anataka kitanda, choo, daktari, mkufunzi anayejua kazi yake, na jozi moja ya mabuti ambayo ni haki yake hata kama hakuomba kuja. Sweden ilisimamisha jeshi la lazima mwaka 2010, ikaamua kulirudisha mwaka 2017, kwa wanaume na wanawake. Je, ilichukua wote? Mkupuo wa kwanza, wa waliozaliwa mwaka 1999, ulilenga vijana wapatao 13,000 wapimwe na 4,000 tu ndio waingie mafunzoni. Norway nayo iliwaingiza wanawake katika sheria hiyo tangu mwaka 2015, na jeshi lake likachagua lile kundi dogo linalolihitaji. Hizo ni nchi tajiri. Ujerumani, iliyosimamisha mwaka 2011 na kufunga makambi mengi, sasa inapozungumzia kurudi nyuma inakutana na swali lilelile la stoo: watalala wapi, na nani atawafundisha?

Na tutazame sababu. Lithuania ilirudisha mwaka 2015, mwaka mmoja tu baada ya Urusi kuitwaa Crimea. Latvia ikarudisha baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022. Hawa wana jirani wanayemwogopa, na ukiwauliza kwa nini wanawaita vijana watakuonyesha ramani. Hakuna aliyesema analirudisha jeshi kwa sababu watoto wanachelewa kuamka na hawaamkii wakubwa. Nakubali Morocco ipo karibu kidogo na hoja ya msomaji wako: iliifuta sheria mwaka 2006, ikairudisha mwaka 2018, miezi 12 kwa kijana, na katika kuitetea kulikuwa na maneno mengi ya uraia mwema na ya kumpa kijana ujuzi wa kujitegemea. Sawa. Lakini maneno mazuri ya waziri ni kitu kimoja, na kijana anachotoka nacho getini ni kitu kingine.

Hilo la kutoka nacho limewahi kupimwa, na hapa ndipo ningeomba msomaji wako asome polepole. Argentina, hiyohiyo, ilikuwa inachagua vijana kwa bahati nasibu ya tarakimu tatu za mwisho za namba ya kitambulisho. Namba ikitoka juu unakwenda, ikitoka chini unabaki nyumbani. Wachumi watatu, Galiani, Rossi na Schargrodsky, wakaja kuwalinganisha waliotoka na waliobaki, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2011. Vijana walewale, umri uleule, tofauti yao ni bahati tu. Wale waliopelekwa jeshini ndio walioonekana zaidi baadaye kwenye kumbukumbu za uhalifu. Zaidi, si pungufu. Joshua Angrist alifanya hesabu ya namna hiyo Marekani, akaichapisha mwaka 1990: wazungu waliopitia jeshi enzi za Vietnam, miaka kumi na zaidi baadaye, walikuwa wakipata mshahara pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko wenzao. Mwaka mmoja au miwili ya ujana ina bei, Mhariri. Mwenzako anajifunza ufundi, wewe unajifunza kulaza blanketi kwa pembe za mraba.

Sishangai. Nimeona nidhamu inavyotengenezwa kambini. Kuruta anajifunza haraka sana nani wa kumwogopa, na anajifunza haraka zaidi namna ya kuonekana anafanya kazi. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa anajua kuniibia kikombe mbele ya macho yangu ili alipe kile alichoibiwa yeye. (Vikombe havikupotea hata siku moja. Vilikuwa vinazunguka tu, na kila aliyenaswa bila kikombe ndiye mwenye makosa.) Huko Argentina kijana aitwaye Omar Carrasco aliingia kambini Machi 1994, akapigwa, akafa siku chache baada ya kuripoti, na mwili wake ukapatikana baada ya mwezi mzima ukiwa humohumo kambini. Wazazi wake walikuwa wameambiwa ametoroka. Nchi ilichemka, na mwaka uleule jeshi la lazima likafutwa. Nikisikia mtu anasema "wapelekwe wakanyooshwe" huwa namkumbuka huyo, na namkumbuka yule wangu wa namba 11, ambaye sijui aliishia wapi.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Lipo jambo jema nililoliona na sitalificha. Siku moja gunia la mabuti lilifika na makosa ya kiwandani: jozi mbili, moja yote mawili ya kushoto, nyingine yote mawili ya kulia. Nilikuwa nimeshazitoa kabla ya kugundua. Vijana wawili waliozipata, mmoja wa nyumba yenye nafasi sana, mwingine nguo aliyokuja nayo ndiyo hiyo pekee, walitafutana bweni kwa bweni usiku mpaka wakakutana na kubadilishana. Wakawa pete na kidole. Nje ya kambi wale wawili wasingesalimiana. Hoja hiyo ya kuwachanganya vijana wa juu na wa chini ndiyo pekee inayonitikisa kidogo.

Ila inanitikisa kama kweli wanachanganyika, na daftari langu lilikuwa linasema vingine.

Kila mkupuo makao makuu yaliniletea orodha ya majina iliyopigwa chapa, nami nikaibandika kwenye daftari lenye safu tatu: alichopewa, sahihi, alichorudisha. Kuruta wakiisha kupita kaunta, nilikuwa nakaa na kalamu nyekundu kuzungushia majina ambayo hayana sahihi. Yapo ya waliougua kweli, yapo ya waliofariki. Na yapo mengine. Baada ya miaka michache sikuhitaji kuuliza. Nilitazama ubin nikajua. Pembeni afisa alikuwa ameandika kwa mkono: pumu. Masomo nje. Miguu bapa. Maelekezo. Hilo la mwisho lilikuwa neno zima, "maelekezo", bila kusema ya nani. Kwa ubao wangu na macho yangu nimewapima vijana wa miguu bapa kabisa, bapa kama samaki, wakapewa mabuti na kwenda kwenye kwata. Miguu bapa iliyokuwa inasamehewa ilikuwa ya watu maalumu.

Hii si ya kwetu peke yetu. Marekani mwaka 1863, katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, sheria iliruhusu mtu kulipa dola 300 asiende, au kutafuta mwingine aende badala yake. Watu wa hali ya chini wa New York waliingia mitaani mwezi Julai, na zile ghasia zikageuka mauaji ya watu weusi wasiokuwa na kosa lolote. Miaka zaidi ya mia baadaye, wakati wa Vietnam, pesa mkononi hazikuhitajika tena: ukiwa chuoni ulikuwa unaahirishiwa. Basi tarehe 1 Desemba 1969 wakaamua kupiga kura ili pawe na haki. Vidonge 366 vya plastiki vya buluu, ndani ya kila kimoja tarehe ya kuzaliwa, vikamiminwa kwenye mtungi wa kioo, vikawa vinatolewa kimoja kimoja mbele ya televisheni. Ya kwanza ikatoka 14 Septemba. Waliokuja kuchunguza wakaona waliozaliwa mwishoni mwa mwaka wameangukiwa kuliko wengine, kwa kuwa vidonge havikuchanganywa sawasawa. Mtunza stoo yeyote angewaambia: gunia usipoligeuza, unatoa kilichotiwa mwisho.

Korea Kusini wanajitahidi zaidi. Waimbaji wa BTS, pamoja na utajiri na umaarufu wao wote, wameitumikia sheria kama wengine. Lakini Son Heung-min, mchezaji wa mpira, alisamehewa kwa sababu timu yao ilichukua dhahabu ya Michezo ya Asia mwaka 2018, akafanya mafunzo ya wiki tatu tu. Walau huo ni msamaha ulioandikwa, kila mtu anaujua kabla filimbi haijapulizwa, na huwezi kuupata kwa kumtembelea daktari jioni. Na Tanzania, Oktoba 1966, wasomi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, kisha akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Mtu anaweza kubishana na adhabu ile. Lakini nalitafuta jina la kiongozi wa leo anayedai jeshi la lazima lirudi huku akianza na mfuko wake au na mwanawe, silipati.

Safu ya tatu ya daftari, ya kurudisha, nayo ina maneno yake. Siku ya kumaliza, kuruta alirudisha blanketi na mkanda, nikapiga mstari, akawa raia. Kuna nchi ambazo mstari huo haupigwi. Eritrea iliweka miezi 18 kwa sheria ya mwaka 1995. Ikaja vita na Ethiopia mwaka 1998, na tangu hapo kwa wengi utumishi haukuwa na mwisho unaojulikana. Wamezeeka ndani yake, na wengine wengi wameikimbia nchi kwa miguu. Sheria ile ilikuwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa vizuri kabisa. Ndiyo maana mtu akiniambia "ni mwaka mmoja tu", namuuliza nani anashika kalamu ya kupiga mstari.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, asije mtu akanielewa vibaya. Ikiwa nchi ina adui mlangoni, waitwe vijana, waitwe wachache wanaoweza kuvishwa na kufundishwa, wake kwa waume, walipwe, na orodha ya waliosamehewa pamoja na sababu zao ibandikwe ukutani kila mtu aisome. Asiyetaka kushika bunduki kwa dhamiri yake apewe hospitali au nyumba ya wazee, kama Ujerumani walivyofanya miaka mingi, na kazi ile ilisaidia watu wengi waliolala vitandani. Ikiwa adui hayupo, na tunachotafuta ni mtu wa kutulelea watoto waliotushinda, hapana. Kambi sikuijengea kaunta ya hayo. Mkufunzi wa kwata hana dawa ya mtoto ambaye baba yake hajakaa naye mezani mwaka mzima.

Sheria iliposimamishwa nilibaki na jozi 340 ambazo hazikuvaliwa. Niliomba ruhusa ya kuzigawa, nikajibiwa kwa maandishi kwamba zihifadhiwe vizuri, sheria yaweza kurudi wakati wowote. Nikazipaka mafuta, nikazifunika, nikafunga. Baada ya miaka minne nikaitwa kukabidhi stoo kwa mtu mwingine kabla sijastaafu. Nilipoinua buti la kwanza, ngozi ilibaki mkononi na soli ikabaki kwenye rafu, imemeguka vipande. La pili hivyohivyo. Buti likikaa bila kuvaliwa linakufa peke yake, hilo mafundi wa viatu wanalijua. Tulizihesabu zote, mimi na yule kijana aliyekuja kupokea, mpaka jioni, vumbi jeusi la soli limetujaa mikononi. Karibu zote zilikuwa namba 7 na 8. Nikaandika kwenye daftari, "zimeharibika bila kutumika", nikatia sahihi kwenye safu niliyokuwa nikiwatilisha wengine, nikampa ufunguo.

Wako,
Sajini mstaafu, mtunza stoo